Viputo vya Ulimwengu Mchanga: Dhana na Istilahi za Mawimbi ya Uvutano kwa Mifano ya Magadi na Kitengela

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa Kiswahili dhana moja ya fizikia ya kisasa, yaani mawimbi ya uvutano yanayodhaniwa kuwa yalizalishwa ulimwengu ulipobadili hali yake katika sehemu ndogo sana ya sekunde ya kwanza. Ufafanuzi umejengwa juu ya mifano miwili inayopatikana katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya: magadi yanayoganda katika Ziwa Magadi na kioo kinachoyeyushwa katika karakana za Kitengela. Kila dhana inapofafanuliwa, istilahi inayoibeba inachunguzwa ili kubainisha kama inamwelekeza msomaji au inampotosha. Inahitimishwa kwamba uteuzi wa istilahi si pambo la mwisho baada ya sayansi kueleweka, bali ni sehemu ya kuielewa sayansi yenyewe.

1.0 Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kumudu sayansi ya kiwango cha juu ni la zamani. Wapenzi wa lugha hii wamezoea kulijibu kwa kutaja kamusi. Ni kweli kwamba kamusi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi nyingine zimefuata. Hata hivyo, kamusi huorodhesha maneno; haifundishi. Mtu anaweza kuwa na istilahi elfu moja mkononi na asiweze kueleza jambo moja likaeleweka. Jaribio la kweli la lugha ya kitaaluma ni aya, wala si orodha.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hadhi hiyo, somo la fizikia katika shule za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kajiado anayezungumza Kimaasai nyumbani na Kiswahili sokoni hukutana na dhana za kani, joto na wimbi kwa lugha ya tatu. Akishindwa, si rahisi kujua kama kilichomshinda ni fizikia au ni lugha.

Kwa sababu hiyo makala haya yamechagua dhana ngumu makusudi. Iwapo Kiswahili kitaweza kueleza kilichotokea katika sehemu moja ya bilioni mia moja ya sekunde tangu ulimwengu uanze kupanuka, basi hakuna sura ya kitabu cha sekondari itakayokishinda. Kajiado nayo imechaguliwa kwa kuwa ndani ya kaunti hiyo moja mna mifano miwili ya mabadiliko ya maada ambayo, ikiwekwa bega kwa bega, inabainisha swali lote ambalo wanafizikia wanajiuliza.

2.0 Uvutano, Nafasi na Wakati

2.1 Neno lenyewe

Tuanze na neno. Katika matumizi ya kawaida, mvutano ni hali ya pande mbili kushindana: mvutano wa kisiasa, mvutano wa wanandoa, mvuto wa kamba huku na huku. Maana hii imekwisha kukomaa katika magazeti na taarifa za habari kiasi kwamba ni vigumu kuiondoa akilini. Neno uvutano, lililo katika ngeli ya U ya nomino dhahania, halijabeba mzigo huo. Aidha, linahifadhi jambo muhimu la kisayansi. Mzizi wake ni -vut-, nacho kiambishi -an- ni cha kutendana. Kwa hiyo uvutano ni hali ya kuvutana: Dunia inavuta jiwe, na jiwe nalo linaivuta Dunia kwa kani ileile. Sarufi ya Kiswahili imekwisha kutaja kanuni ya Newton kabla ya mwalimu kuandika lolote ubaoni. Makala haya yatatumia uvutano.

2.2 Nafasi-wakati

Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia ya jumla ya uhusianifu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, uvutano hauelezwi tena kama kamba isiyoonekana inayounganisha vitu viwili. Unaelezwa kama umbo la kitu kimoja kinachojumuisha nafasi pamoja na wakati. Penye tungamo kubwa, umbo hilo hupinda, na vitu vinavyopita hapo hufuata mpindo huo.

Kitu hicho kiitwe nani kwa Kiswahili? Baadhi ya waandishi hutumia anga-wakati. Ugumu wa istilahi hiyo ni kwamba anga ni ile iliyo juu ya vichwa; msomaji hudhani jambo linalozungumzwa liko mbali naye, hali lipo hata kati ya kidole na kidole. Nafasi-wakati inafaa zaidi, na kuna sababu ya kuvutia. Msemaji wa Kiswahili akisema hapana nafasi katika matatu, anazungumzia mahali. Akisema leo sina nafasi, anazungumzia muda. Neno lilelile moja hutumika kwa vyote viwili bila mtu kushangaa. Haina maana kwamba Waswahili walimtangulia Einstein. Ina maana kwamba dhana ambayo katika lugha nyingine hulazimu maneno mawili kuunganishwa kwa nguvu, katika Kiswahili ina mlango uliokwisha kufunguliwa.

2.3 Wimbi

Mwaka 1916 Einstein alionyesha kwamba umbo la nafasi-wakati linaweza kutikisika, na mtikisiko huo ukasafiri kwa kasi ya nuru. Hayo ndiyo mawimbi ya uvutano. Yanapopita, nafasi hurefuka upande mmoja na kufupika upande mwingine, kisha kinyume chake. Kiasi cha kurefuka huko ni kidogo mno. Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, vilinasa kwa mara ya kwanza wimbi la namna hiyo. Lilitoka kwa mashimo meusi mawili, yenye tungamo linalokaribia mara 36 na mara 29 ya Jua, yaliyozungukana na kuungana umbali wa takriban miaka-nuru bilioni 1.3. Kila kituo kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na badiliko lililopimwa katika mikono hiyo lilikuwa dogo mno kuliko upana wa protoni. Matokeo yalitangazwa tarehe 11 Februari 2016, na mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Hapa pana mtego wa kiistilahi. Mawimbi ya kawaida ya ziwa au ya bahari nayo hutegemea uvutano, kwa kuwa uvutano wa Dunia ndio unaorudisha chini maji yaliyoinuka. Wanasayansi wa hewa na bahari wana istilahi yao kwa mawimbi hayo, nayo katika Kiingereza inafanana mno na ile ya mawimbi ya Einstein. Mfasiri asiyejua tofauti ataviita vitu viwili kwa jina moja, na mwanafunzi atadhani kwamba LIGO hupima mawimbi ya Ziwa Victoria. Inapendekezwa kwamba mawimbi ya uvutano yatengewe mitikisiko ya nafasi-wakati peke yake, na yale ya maji na hewa yaitwe mawimbi ya uzito.

3.0 Hali na Mpito: Kutoka Magadi hadi Kitengela

3.1 Hali au awamu?

Maji yana hali tatu zinazojulikana: yabisi, kimiminika na gesi. Kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine kunaitwa hapa mpito wa hali. Wapo wanaopendelea mpito wa awamu, kwa kufuata neno la Kiingereza ambalo lina maana zote mbili. Lakini awamu katika Kiswahili ni zamu au kipindi: serikali ya awamu ya tatu, awamu ya pili ya ujenzi. Awamu hufuatana, haziwezi kuwapo mbili kwa pamoja. Hali za maada zinaweza kuwapo pamoja, barafu na maji katika bilauri moja, na kuwapo huko pamoja ndiko kiini cha jambo linalofafanuliwa hapa. Kwa hiyo awamu si kasoro ndogo ya mtindo. Ni istilahi inayofuta hoja yenyewe.

3.2 Magadi: mpito wenye mpaka

Ziwa Magadi liko katika sakafu ya Bonde la Ufa, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Kajiado, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Jina lake ni neno la kawaida la Kiswahili, magadi, yale yanayotiwa katika maharagwe ili yaive upesi. Chemchemi za maji moto huleta chumvi, jua kali hukausha maji, na maji yanapozidiwa na chumvi, magadi huanza kuganda. Kampuni ya Magadi Soda iliyoanzishwa mwaka 1911 ilijengwa juu ya mgando huo.

Ni muhimu kutazama jinsi mgando unavyotokea. Ziwa zima haligandi kwa pamoja kama mtu afumbaye jicho. Fuwele ndogo huanza hapa na pale, penye kiini cha kushikia: punje ya vumbi, kipande cha fuwele ya jana, ukingo wa jiwe. Kila fuwele hukua kuelekea nje hadi inapokutana na jirani yake. Wakati wote huo kuna yabisi na kuna kimiminika, na kati yake kuna mpaka ulio wazi. Upande huu ni hali moja, upande ule ni hali nyingine.

Maji yanayochemka hufuata kanuni hiyohiyo. Viputo huanza chini ya sufuria, hukua na kupanda. Ndani ya kiputo ni gesi, nje ni kimiminika, na ngozi ya kiputo ndiyo mpaka. Jambo la pili la kuzingatia ni joto fiche, yaani nishati inayoingia au kutoka wakati wa mpito bila kipimajoto kupanda wala kushuka. Jambo la tatu ni kwamba mpito hutegemea mazingira. Katika mji wa Kajiado, ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi za Selsiasi. Yakishushwa Magadi, yatachemka kwenye nyuzi 98 hivi, kwa kuwa hewa ya huko chini ina kanieneo kubwa zaidi.

Wanafizikia huuita mpito wa namna hii kwa jina linalomaanisha mpito wa daraja la kwanza. Jina hilo halimwambii msomaji wa Kiswahili chochote. Daraja la kwanza ni la gari la moshi au la mtihani. Wengine wangependa kuuita mpito wa ghafla. Nalo ni kosa, kwani mgando wa magadi unaweza kuchukua siku nyingi, na bado ukawa wa aina hiyo. Kinachoutambulisha si kasi yake. Ni kwamba hali mbili hukaa pamoja zikitenganishwa na mpaka. Kwa hiyo inapendekezwa uitwe mpito wenye mpaka.

3.3 Kitengela: mpito usio na mpaka

Upande wa kaskazini wa kaunti hiyohiyo, katika tambarare zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, zimo karakana za sanaa ya kioo zilizoanzishwa na msanii Nani Croze, ambazo jina la Kitengela limejulikana nazo mbali. Humo vioo vilivyokwisha tumika huyeyushwa upya na kufinyangwa kuwa bilauri, taa na mapambo.

Kioo na magadi ni ndugu. Malighafi kuu ya kioo ni mchanga, na mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi ili uyeyuke. Ukiongezewa magadi yaliyochomwa, joto linalohitajika hupungua kwa mamia ya nyuzi. Ndiyo maana viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa magadi duniani.

Lakini kioo hakigandi kama magadi. Fundi anapokitoa katika tanuri, hutiririka kama asali. Kinapopoa huwa kizito, kisha kinanata, kisha hakipindiki, hatimaye ni kigumu na huvunjika. Ni wapi hasa kilipoacha kuwa kimiminika? Hakuna mahali. Hakikuonekana kiini cha kuanzia, wala mpaka uliosafiri kutoka ukingo hadi ukingo, wala sehemu yabisi ikielea katika sehemu ya majimaji. Kila sehemu ilibadilika pamoja na jirani yake, kidogo kidogo. Huu ndio mpito usio na mpaka.

Tahadhari itolewe: kila mfano una kikomo chake. Ugumu wa kioo hutegemea pia kasi ya kupoza, jambo ambalo halihusu mipito ya ulimwengu inayofuata hapa chini. Nayo magadi huganda kwa kukauka kwa maji, ilhali ulimwengu ulibadilika kwa kupoa. Kinachokopwa kutoka Magadi na Kitengela ni tofauti moja tu: kuwapo au kutokuwapo kwa mpaka.

4.0 Ulimwengu Ulipopoa

Ulimwengu mchanga katika makala haya ni ulimwengu uliokuwa bado mdogo kwa umri, kwa kivumishi -changa, wala hauna uhusiano na mchanga wa kioo. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8, na tangu mwanzo umekuwa ukipanuka na kupoa. Istilahi iliyozoeleka ya Mlipuko Mkuu hudokeza bomu lililopasuka mahali fulani. Ukweli ni kwamba nafasi yenyewe ndiyo iliyopanuka kila mahali kwa pamoja.

Nuru kongwe kuliko zote inayoweza kupimwa ilitoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo, elektroni huru zilitapakaa na kuizuia nuru isipite, kama ukungu mzito. Mchungaji katika tambarare za Kaputiei anaijua hali hiyo. Ukungu wa alfajiri ukitanda haoni ng'ombe wake, lakini husikia kengele zilizo shingoni mwao. Mawimbi ya uvutano ndiyo kengele hizo. Hayazuiwi na ukungu wa elektroni. Yaliyozaliwa katika sekunde ya kwanza yangali yanasafiri hadi leo.

Ni nini kilichogonga kengele? Nadharia zinataja mipito miwili mikuu. Wa kwanza ulitokea ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban sehemu moja ya bilioni mia moja ya sekunde, joto likiwa zaidi ya nyuzi trilioni elfu moja. Kabla yake, kani ya sumakuumeme na kani dhaifu zilikuwa kitu kimoja. Baada yake, uga wa Higgs ulijaza nafasi yote, kani hizo zikatengana, na chembe kama elektroni zikapata tungamo. Mpito wa pili ulitokea karibu na sehemu moja ya laki moja ya sekunde, joto likiwa limeshuka hadi nyuzi trilioni mbili hivi, pale kwaki zilizokuwa huru zilipofungwa ndani ya protoni na nyutroni.

Tuseme mpito ulikuwa wenye mpaka. Basi viputo vya hali mpya vilizuka hapa na pale ndani ya hali ya zamani, kama fuwele za Magadi. Joto fiche lililoachiliwa lilisukuma mipaka yake kuelekea nje kwa kasi kubwa. Kiputo kimoja kilicho duara kamili, hata kikue namna gani, hakitoi wimbi la uvutano, kwa sababu hakirefushi upande mmoja kuliko mwingine. Viputo vilipogongana, uduara ulivunjika. Hapo nafasi-wakati ilitikiswa kwa njia tatu: kwa mgongano wa mipaka yenyewe, kwa mawimbi ya sauti yaliyoenea katika maada moto baada ya mgongano, na kwa misukosuko ya maada hiyo. Edward Witten alijadili viputo vya mpito wa kwaki mwaka 1984, na tangu hapo hesabu zimeendelea kuboreshwa.

Tuseme badala yake mpito haukuwa na mpaka. Hapakuwa na kiputo, hapakuwa na mgongano, na kengele haikulia kwa namna inayoweza kupimwa.

Hivyo swali lote linafupishwa hivi: ulimwengu ulipita Magadi au ulipita Kitengela?

Jibu la nadharia ya chembe inayokubalika sasa ni Kitengela. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 1996 zilionyesha kwamba mpito wa kani dhaifu unaweza kuwa na mpaka iwapo tu chembe ya Higgs ni nyepesi. Tarehe 4 Julai 2012 kituo cha CERN kilitangaza kupatikana kwa chembe hiyo, nayo ikawa nzito kupita kikomo hicho. Hesabu za mwaka 2006 kuhusu mpito wa kwaki nazo zilionyesha kwamba hauna mpaka.

Je, mjadala umekwisha? Haujakwisha, kwa sababu kuna jambo moja ambalo nadharia hiyohiyo haielezi. Maada na maada kinzani zilipaswa kuumbwa kwa kiasi sawa na kuangamizana zote. Kama ingekuwa hivyo, pasingekuwa na nyota, wala ziwa, wala msomaji wa makala haya. Maada kidogo ilisalia. Mwaka 1967 Andrei Sakharov alitaja masharti ya kusalia huko, na mojawapo ni kuwapo kwa kipindi ambacho ulimwengu ulitoka katika ulinganifu wa joto. Mipaka ya viputo inayosafiri kwa kasi hutoa kipindi cha namna hiyo. Mpito laini kama wa kioo hautoi. Ndiyo maana wanafizikia wengi wanachunguza uwezekano wa kuwapo kwa chembe ambazo hazijagunduliwa, ambazo zingeurudisha mpito wa kwanza upande wa Magadi. Mawimbi ya viputo yakinaswa, itakuwa ishara ya fizikia mpya.

5.0 Namna ya Kuisikiliza Kengele

Urefu wa mawimbi hayo ulitegemea ukubwa wa viputo, kisha ukavutwa na kupanuka kwa ulimwengu. Mpito wa kwanza ungetoa mawimbi ambayo leo huchukua dakika kadhaa hadi saa kukamilisha mzunguko mmoja. LIGO haiwezi kuyanasa, kwa kuwa hunasa mizunguko mingi ndani ya sekunde moja. Kwa ajili hiyo Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha mradi wa LISA mnamo Januari 2024: vyombo vitatu vitakavyokaa angani katika umbo la pembetatu, kila kimoja kikiwa kilomita milioni 2.5 kutoka kwa mwenzake, vikipelekeana miale ya leza. Vinatarajiwa kurushwa mwaka 2035.

Mpito wa pili ungetoa mawimbi yanayochukua miezi hadi miaka kwa mzunguko mmoja. Kipimo chake ni nyota za pulsari, ambazo huzunguka na kutoa mapigo kwa utaratibu kama saa. Wimbi likipita, mapigo huwahi au kuchelewa kidogo. Mwishoni mwa Juni 2023 makundi ya watafiti wa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na India, Australia na China yalitangaza ushahidi wa mvumo wa mawimbi ya namna hiyo. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni mashimo meusi makubwa yanayozungukana katikati ya magalaksi. Viputo vya ulimwengu mchanga vimebaki kuwa mojawapo ya maelezo mbadala.

Afrika haimo nje ya mazungumzo haya. Darubini ya redio ya MeerKAT nchini Afrika Kusini hupima mapigo ya pulsari, na Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi wa darubini kubwa ya SKA. Tena, jina la Kiswahili limo katika historia ya mashimo meusi tangu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilichangia sana kukubalika kwa kitu hicho kuwa shimo jeusi. Neno hilo limo katika vitabu vya falaki ulimwenguni kote, wala hakuna aliyesema kwamba halikufaa.

6.0 Muhtasari wa Istilahi

Istilahi zilizotumika zinaweza kukusanywa hivi:

(a) uvutano: hali ya vitu kuvutana, imetengwa na mvutano wa kijamii.
(b) nafasi-wakati: umoja wa mahali na muda ambao umbo lake ndilo uvutano.
(c) mawimbi ya uvutano: mitikisiko ya nafasi-wakati, yatofautishwe na mawimbi ya uzito ya maji na hewa.
(d) mpito wa hali: kubadilika kwa maada au kwa uga kutoka hali moja hadi nyingine.
(e) mpito wenye mpaka: mpito ambamo hali mbili hukaa pamoja na mpaka kati yake husafiri.
(f) mpito usio na mpaka: mpito ambamo kila sehemu hubadilika pamoja na jirani yake.
(g) kiputo: eneo la hali mpya lililozungukwa na hali ya zamani, lisichanganywe na povu, ambalo ni mkusanyiko wa viputo vingi.
(h) joto fiche: nishati inayoingia au kutoka katika mpito wenye mpaka.

Faida ya jozi (e) na (f) ni kwamba inazaa. Kutokana na neno mpaka hupatikana mpaka wa kiputo, kasi ya mpaka na mgongano wa mipaka, na kila moja inaeleweka bila kamusi. Istilahi ya kukopa isingezaa hivyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dhana ya mawimbi ya uvutano kutokana na mipito ya ulimwengu mchanga inaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muhimu zaidi, yameonyesha kwamba lugha haikuwa chombo cha kupokea tu. Swali la hali au awamu lililazimu kuuliza kama vitu viwili vinaweza kuwapo pamoja. Swali la ghafla au mpaka lililazimu kuuliza ni nini hasa kinachoutambulisha mpito. Mwanaistilahi aliyejibu maswali hayo amekwisha kujifunza fizikia, na mwanafizikia aliyeyaruka hajui kama ameielewa.

Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuachiwa idara moja. Wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kuketi na wanafunzi wa fizikia, istilahi ikajaribiwa katika aya kabla ya kuingizwa katika orodha. Mtoto wa Kajiado aliyewahi kuona magadi yakiganda na kioo kikipoa ana nusu ya somo hili tayari machoni pake. Kilichobaki ni kumpa maneno.

Maswali ya mjadala

1. Jadili iwapo istilahi Mlipuko Mkuu inafaa kuendelea kutumika. Pendekeza mbadala na uitetee kwa kuzingatia uwazi, ufupi na uwezo wa kuzaa istilahi nyingine.
2. Je, samli inapoganda ni mpito wenye mpaka au usio na mpaka? Chunguza kwa macho, kisha ueleze ulichokiona kwa aya moja.
3. Chagua nomino tatu za kisayansi zilizoundwa kwa kiambishi -an- cha kutendana na ueleze kama kiambishi hicho kinaafikiana na dhana inayotajwa.